Mng'ong'o Usiozaa

Baba alipolala kwa ugonjwa uliomwondoa, alituita sisi watoto wake watatu tuliobaki hai, akagawa. Ng'ombe wachache aliokuwa nao aliwagawa kwangu na kwa mdogo wangu wa kiume. Mashamba vivyo hivyo. Ngitili, yaani lile eneo la majani na miti ambalo ukoo hulifunga wakati wa mvua ili mifugo isikose malisho kiangazi, alilikata kwa mkono hewani: upande wa mawio wangu, upande wa machweo wa mdogo wangu. Kisha akamtazama dada yetu, aliyezaliwa kati yetu wawili, ambaye alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Akamwambia, "Na ng'ong'o zote za ngitili ni zako, popote mti uliposimama. Ardhi ni ya ndugu zako, tunda ni lako."

Kwa vijiji vyetu vya kuelekea Didia, hilo lilikuwa jambo zito. Mwanamke hakurithi ardhi. Dada alikuwa amerudishwa na mumewe kwa sababu hakuzaa, na mahari ilikuwa imerudi ilikotoka. Alirudi na sanduku moja la bati na binti mdogo wa marehemu ndugu yetu aliyekuwa akimlea. Baba hakumwuliza kitu. Alimwonyesha mahali pa kujenga, nyuma ya zizi, na alipokaribia kufa akampa hizo ng'ong'o. Namshukuru Mungu kwa baba wa namna ile. Nimewafundisha watoto katekisimu karibu maisha yangu yote, na nikitaka kuwaeleza maana ya haki, huikumbuka siku hiyo kabla ya kufungua kitabu.

Kwa asiyeujua mng'ong'o, ni mti mkubwa wa porini wenye gome la mabakamabaka, na tunda lake linatoshana na yai la kuku wa kienyeji. Ng'ong'o haichumwi. Huanguka ikiwa bado ya kijani, ikaivia chini mpaka inakuwa ya njano na harufu yake inamfikia mtu akiwa bado njiani. Nyama yake ni kidogo, chachu na tamu kwa pamoja. Mali iko ndani ya kokwa. Dada alizikusanya, akawaachia watoto wa mji mzima wafyonze, kisha akazianika kokwa juu ya paa. Jioni alikaa na jiwe la kupasulia na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akachokoa viini kimoja kimoja. Viini hivyo vikitwangwa na kutiwa kwenye mlenda, karanga haina la kusema. Aliviuza mnadani, na vingine vilipelekwa na akina mama lishe wanaowapikia wachimbaji kule Bulyanhulu. Akanunua sabuni, akamsomesha binti, akatoa sadaka. Hakuwahi kuja mlangoni kwangu kuomba chumvi. Niseme wazi kwamba yeye alinisaidia mimi mara nyingi kuliko mimi nilivyomsaidia.

Si kila mng'ong'o ulizaa. Mingine ilichanua tu. Maua yake yalikuwa mengi, yamening'inia kwa vishada vyenye wekundu, na nyuki walijaa humo mpaka ukipita chini unasikia mvumo kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Kisha maua yalipukutika, na huo ukawa mwisho. Hapakuwa na tunda hata moja la kumtupia mtoto. Miti hiyo tuliiita tasa. Mababu waliiita tasa, nasi tukaiita tasa, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini nyuki waupende mti usio na kitu.

Mdogo wangu alikuwa mtu wa migodi. Alikaa miaka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, mara Geita, mara Bulyanhulu, akirudi nyumbani na redio mpya au akirudi na homa. Duara lake la mwisho lilijaa maji, akarudi bila redio. Akaanza kuyatazama yaliyokuwa yake. Siku moja asubuhi alikuja kwangu, nikiwa naliunga jembe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Kaka, nina swali la dini."

"Uliza."

"Baba alimpa dada nini?"

"Ng'ong'o."

"Mti usiozaa ng'ong'o, una ng'ong'o?"

Nikaanza kuona anakoelekea. "Hauna."

"Basi si wa dada. Ni wa mwenye ardhi." Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, ameridhika. "Wafyatua matofali wa kule barabarani wanatafuta kuni. Nitawapa ile tasa. Nikishaiondoa, pale napanda dengu."

Tulimwita dada, kwa kuwa lilimhusu. Alikuja akipangusa mikono.

"Inakusumbua nini, mdogo wangu?"

"Inakula nchi, dada. Inachanua kama bibi harusi kila mwaka, na mtoto hakuna." Aliona alichosema, akageuka haraka kunitazama mimi. "Na kaka mwenyewe amehubiri. Mti usiozaa, mwenye shamba alisema nini?"

"Mwenye shamba alisema ukatwe," nikamjibu. "Mtunza shamba akamwomba mwaka mmoja zaidi."

"Baba yetu ameiombea miaka arobaini! Huyo mtunza shamba angekuwa ameshastaafu."

Dada alicheka, nami nikacheka. Ndivyo alivyokuwa mdogo wangu, alikuchekesha huku akichukua. Niliposema kwamba baba hakuikata, naye hakuwa mjinga, alinijibu kwamba baba hakuwa na mnunuzi. Upande wangu wa ngitili ulikuwa na mti tasa mmoja tu, mzee, na upepo ulikuwa umeshauangusha. Mingine yote ilikuwa kwake. Sikuwa na haki ya kumzuia. Dada akasema, "Kata. Baba aligawa, nami nilisikia. Isije ikasemwa nazuia hata visivyo vyangu."

Ikakatwa. Visiki vilichimbuliwa pia, kwa sababu kisiki cha mng'ong'o huchipua upya na mdogo wangu alitaka shamba safi. Trekta la kukodi likapita. Tanuri la matofali liliwaka siku nyingi, moshi ukalala juu ya mji wetu, na dengu zikapandwa. Zilistawi, sitasema uongo.

Mwaka uliofuata miti ya dada ilichanua kama kawaida. Maua ya mti unaozaa ni madogo, hayana kelele, hata mtu asiyeangalia juu hajui kwamba upo kwenye maua. Lakini ngitili ilikuwa kimya. Nilipita humo nikienda kanisani, nikahisi kitu kimepungua, nisijue ni nini. Wakati wa kuanguka ulipofika, zilianguka chache, na zote upande wa mbali kabisa, unaopakana na ngitili ya jirani. Tukasema ni mvua. Mwaka wa pili mvua ilikuwa nzuri, na huku ndani haikuanguka hata moja. Dada alifagia chini ya miti kama alivyozoea, ili matunda yasianguke kwenye takataka. Alifagia kila asubuhi. Mimi nilikuwa namwona kutoka kwangu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mke wa mdogo wangu, akiwa kisimani na wenzake, alisema kuna mikono ikiokota sana hukausha. Hakutaja mtu. Mwingine akaongeza kwamba macho ya yule mama ni mekundu siku hizi. Yalikuwa mekundu kwa moshi, kwa kuwa binti alikuwa ameolewa Nyahanga, pale Kahama mjini, na dada alikuwa akipika peke yake katika nyumba isiyo na dirisha. Lakini kwetu maneno kama hayo hayatupwi yakaisha. Wapo wanawake wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi kwa maneno kama hayo, na makaburi yao nayajua, mengine niliyaongozea sala mimi. Nililala nikiomba, nikaamka nikaenda ofisi ya misitu ya wilaya.

Walimtuma binti mmoja, afisa misitu, akaja kwa pikipiki akiwa na buti zilizomzidi. Alinipa shikamoo, akampa dada shikamoo, akazunguka ngitili yote kabla ya kunywa maji. Aliporudi hakuuliza habari za wadudu wala za mvua.

"Mzee, miti mingine iliyokuwa hapa imekwenda wapi?"

"Ilikuwa tasa, mwanangu. Iliondolewa."

"Yote?"

"Yote."

Alivua kofia. Akatuketisha mimi na dada, akatueleza polepole kama anayetoa habari ya msiba. Mng'ong'o, alisema, ni kama mbuzi: kuna mti jike na mti dume. Dume halizai. Kazi yake ni kutoa chavua, ule unga wa ndani ya maua ambao nyuki hujipaka akitafuta asali, kisha akaupeleka kwenye maua ya jike. Bila unga ule ua la jike hudondoka tupu. Na nyuki haendi mbali bila sababu. Akipata maua karibu na mzinga wake huishia hapo, ndiyo maana miti ya mpakani ilipata matunda machache kutoka kwa madume ya jirani, na ya huku ndani haikupata.

Nilikuwa nikimtazama dada. Alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo haikuwa tasa," alisema.

"Haikuwa, mama. Ndiyo iliyokuwa baba."

Dada akacheka. Alicheka sana, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka tena. "Mayu wane! Mama yangu! Na mimi niliyerudishwa na sanduku langu, kuna aliyempima yule bwana?"

Afisa misitu hakujua aangalie wapi. Mimi nilijua, niliangalia chini. Ni jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa na miaka mingi ya kuliuliza, na aliyelileta ni mgeni, tena hakujua kwamba amelileta.

Jumapili ile, baada ya ibada, niliomba nafasi nikawaeleza watu wote habari ya miti jike na miti dume, wazi, ili maneno ya kisimani yafe. Nashukuru yalikufa. Watu walicheka, wakataniana, wanaume wakawaambia wake zao, "Mmesikia? Bila sisi hakuna kitu." Mke wa mdogo wangu alimletea dada bakuli la unga. Mdogo wangu alikuja jioni, akasimama nje, akasema, "Nani angejua, kaka?" Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyejua. Kwa hiyo sikuwa na haki hata ya kumkasirikia, na hasira isiyo na haki ni mzigo mbaya, haubebeki wala hautuliki.

Afisa misitu alikuwa ametuachia njia. Mbegu ni kamari, alisema, kwa kuwa mche hautakuambia kama ni dume au jike mpaka uchanue, na hiyo ni miaka mingi. Lakini tawi nene la mng'ong'o uliokwisha kujulikana, likikatwa kabla ya mvua likaachwa kivulini mpaka jeraha likauke, likazikwa kina kirefu, huota, nalo hubaki vile lilivyokuwa. Tawi la dume ni dume. Ila alitukanya kitu kimoja.

"Msichukue matawi yote kwenye mti mmoja, mzee. Mkifanya hivyo, kila mng'ong'o utakaoota hapa baadaye utakuwa mtoto wa baba mmoja. Wataoana ndugu kwa ndugu. Vizazi vichache tu, ugonjwa mmoja ukija unawakuta wote wana udhaifu mmoja."

Hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwetu kijana hatafuti mchumba katika ukoo wake. Akasema pia kwamba zamani Mungu alikuwa na namna yake ya kuchanganya. Mifugo ya babu zetu ilihama kiangazi, ikavuka mabonde kwenda kula upande wa Kahama na Geita, ikarudi na kokwa tumboni, ikazitapika ikicheua zizini. Ndiyo sababu kando ya kila zizi la kale kuna ming'ong'o, na mama zake hawakuota hapo. Sasa mifugo haihami. Njia zake zimekatwa na mashamba, na ua wa waya, na mashimo. Tunda linaanguka chini ya mama yake na linaotea hapo hapo. "Kwa hiyo," akasema, "safari ya ng'ombe itabidi uende wewe."

Nilikwenda. Matawi ya kwanza nilipewa na rafiki yangu wa Didia. Ya pili niliyapata shambani kwa mkwe wa binti, nje ya Nyahanga. Watu hawakuelewa. Kila nilipofika nilisema natafuta mng'ong'o usiozaa, na kila mahali walinionyesha ule unaozaa kwa heshima ya mvi zangu. Kando ya barabara ya Bulyanhulu, karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kulikuwa na mti uliochanua vizuri sana, na chini yake vijana wa machimbo walikuwa wamepumzika, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga.

"Mzee wa kanisa, hapo hakuna kitu," mmoja akaniambia. "Huo mti ni kama duara la huyu jamaa. Unachimba mwaka mzima, unatoka na sala."

"Ndio ninaoutaka."

"Anautaka! Jamani, kuna mtu anatafuta hasara, mleteeni na lile duara langu!"

Wakacheka, lakini walinipandia, wakanikatia matawi mawili manene kama mguu, na mmoja wao mwenye pikipiki akayafunga nyuma kwa mpira, akanifikisha mpaka stendi, akakataa nauli. Alisema tu nimwombee. Huwa namwombea mpaka leo, ingawa uso wake ulikuwa vumbi tupu, nikikutana naye leo sitamtambua.

Tulipanda matawi yote kabla ya mvua, mimi na dada. Yale ya upande wangu, tulikokuwa tumeyachagulia mahali pazuri katikati ya miti yake, yaliliwa na mchwa moja baada ya jingine. Dada aliyamwagia majivu kila wiki, bila faida. Yaliyoshika ni matatu tu, yale ya ziada tuliyokuwa tumeyachomeka pembeni mwa shamba la dengu la mdogo wangu, penye udongo uliolainishwa na trekta. Tulimwomba kwanza. Alisema, "Chomekeni tu, yatakuwa alama ya mpaka." Kila moja lilitoka mahali pake: la Didia, la Nyahanga na la barabarani kwa wachimbaji.

Tukangoja. Dada alilima vibarua katika mashamba ya watu, kwa umri ule. Nilimwambia, nitakukatia kipande cha ardhi upande wangu, hata kesho, na watoto wangu watakubali. Alinijibu, "Kaka, nakushukuru. Lakini mimi nilikuwa na changu. Nikipokea chako, nitakuwa mgeni wako." Sikurudia. Aliendelea kufagia chini ya miti kila ulipofika wakati wa kuanguka, bila kutarajia sana, namna mtu anavyoweka kiti cha aliyesafiri.

Mvua zilipita kadhaa. Kisha mwaka mmoja matawi yale, ambayo sasa yalikuwa miti midogo iliyonyooka, yalichanua. Niliwasikia nyuki kabla ya kuyaona maua. Nilisimama pale na rozari mkononi, nikashindwa kuendelea na sala, na nadhani Mungu alielewa. Ng'ong'o zilipoanza kuanguka, dada alinitumia ya kwanza kwa mtoto, imeoshwa, imewekwa kwenye kisahani, kama vile tunavyotoa limbuko. Niliila na maganda yake. Mwaka ule hazikuwa nyingi. Mwaka uliofuata zilijaa magunia, na akina mama lishe wakaanza kuuliza tena viini.

Mdogo wangu alikuja akiwa na wazee wawili wa ukoo, na nilipowaona wamevaa makoti nilijua si matembezi. Tulikaa uani kwangu. Dada alileta maji, kisha naye akakaa.

"Kaka," mdogo wangu alianza, "wewe ndiye uliyetufundisha, tena kanisani, mbele ya watu. Bila dume hakuna tunda. Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Madume yako wapi leo?"

Akajijibu mwenyewe.

"Yako kwangu. Yanakula ardhi yangu, kivuli chake kinaua dengu zangu. Baba alimpa dada tunda wakati hakuna aliyejua tunda linatoka wapi. Sasa tunajua. Mimi sina tamaa. Nataka nusu."

Nikamwuliza, "Ng'ombe wako jike akipandwa na dume la jirani, ndama ni wa nani?"

Wazee wakacheka, mmoja akapiga goti. Kila mfugaji anajua ndama ni wa mwenye jike. Dume la jirani hatujawahi kulilipa, hata likivunja ua.

"Dume la ng'ombe hutembea lenyewe," mdogo wangu akajibu bila kucheka. "Likija kwako limekuja. Haya yangu yamesimama. Hayaji popote. Wanaokuja ni nyuki wake." Akamwelekezea dada kidole, akakishusha. "Na kama ndama si wangu, basi sina sababu ya kufuga dume. Wafyatua matofali bado wapo."

Hapo ucheko uliisha. Wazee walitazamana. Yule mkubwa alisafisha koo, akasema maneno marefu kuhusu amani ya ukoo, na kwamba nusu si haba, na kwamba mti uliosimama ni bora kuliko haki iliyolala. Nilisema miti ile tuliipanda mimi na dada, kwa mikono yetu, na nikaitafuta kwa miguu yangu. Yule mzee akanijibu kwa upole, "Tunajua. Lakini ulipanda kwa nani?" Kwetu anayepanda katika ardhi ya mtu amempandia mtu. Hiyo nayo ni sheria, na nilikuwa naijua kabla yake.

Mzee akamgeukia dada. "Mama, unasemaje? Nusu?"

"Nikikataa, ataikata?"

"Nitaikata," mdogo wangu akasema.

"Na mwakani akitaka robo tatu, ataikata?"

Mdogo wangu aligeuka kuwatazama wazee. Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokuwa anakijua.

"Chukua zote," alisema. "Usiikate, basi. Ile miti ina ukoo mbalimbali ndani yake. Kaka amekwenda mbali kuileta."

Habari inayofanana na hii nimewafundisha watoto mara zisizo na idadi. Wanawake wawili wanagombea mtoto, mfalme anaagiza upanga, na yule anayesema mpeni mwenzangu, asiuawe, ndiye anayerudishiwa mtoto na mfalme. Watoto huipenda sana. Nilikaa pale uani nikingoja. Nakiri nilingoja kweli, nikiwatazama wale wazee wawili, kwamba mmoja wao atasimama. Mkubwa akasema, "Mama, umetuheshimisha." Wa pili akasema Mungu atamlipa. Wakamalizia maji yao, wakaaga, na mdogo wangu akawasindikiza mpaka barabarani.

Dada alihamia Nyahanga kwa binti yake mwezi ule ule. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye basi. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa amekasirika hakunipa niibebe. Tunazungumza kwa simu Jumapili baada ya ibada. Ananiuliza habari za mvua, za mgongo wangu, za nani amefariki. Habari za miti haulizi, nami simwambii.

Miti iko, na madume yamenenepa. Chini ya majike kuna miche mingi sasa, nami nimezungushia miiba ile iliyo upande wangu, mbuzi wasiile. Sijui ni ya baba yupi kati ya wale watatu, wala ipi ni dume na ipi ni jike, na sitakuwepo itakapochanua. Kwa hilo nashukuru, na nasema hivyo bila kujilazimisha. Mdogo wangu anaokota ng'ong'o zote, pande zote mbili, kama alivyopewa. Mkewe amejifunza kuchokoa viini, ingawa huvivunja sana.

Wiki iliyopita alinitumia mlenda alioutia viini hivyo, katika bakuli lililofunikwa sahani. "Shemeji ale ungali wa moto," mtoto alisema ndivyo alivyoagizwa. Nililitazama bakuli muda mrefu. Mimi ni mzee, sikatai chakula kilicholetwa mlangoni kwangu, na hiyo ndiyo dini niliyolelewa. Nilisali, nikala. Ulikuwa mtamu. Nikaliosha bakuli mwenyewe, nikalirudisha na shukrani.